Aliyeachia Pembe

Ng'ombe wa milimani, wale wa pembe ndefu wanaoshushwa kutoka Hauts-Plateaux wakati wa kiangazi, hawauawi na kisu peke yake. Wanauawa na watu watatu. Kuna mwenye kamba anayewaangusha, kuna mwenye kisu anayewakata, na kati ya hao wawili kuna mshika pembe. Huyu hupiga magoti nyuma ya kichwa cha mnyama, hukamata pembe zote mbili kama dereva anayekamata usukani wa lori kwenye matope, huzigeuza mpaka ncha moja inazama ardhini na koo linakaa wazi. Mwenye kisu anapoinama, tumbo lake na mapaja yake yako umbali wa mkono mmoja tu kutoka ile pembe ya pili. Hana ngao yoyote ila viganja vya mwenzake.

Ndiyo maana, toka Kamanyola mpaka Uvira, mashariki mwa Kongo, wachinjaji wana sheria moja ambayo haijaandikwa mahali popote: mshika pembe haachii. Nyuki wamwume, haachii. Risasi zilie mjini, watu wakimbie, haachii mpaka damu iishe.

Rénovat alishika pembe miaka ishirini na tisa. Alizaliwa Bwegera, katika mashamba ya mpunga, akaja Uvira akiwa kijana mwenye shingo nene na njaa. Kazi ilimkata vipande vipande kama inavyowakata wote. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilibaki kwenye fundo la kamba. Meno mawili yaling'olewa na kwato la mtamba. Kwenye bega alikuwa na kovu refu ambalo watoto wa jirani waliomba kuligusa. Lakini katika miaka yote hiyo, hakuna mwenye kisu hata mmoja aliyeumia akiwa mikononi mwake. Hilo ndilo lilikuwa jina lake. Wenye ng'ombe waliposhuka milimani waliuliza kwanza, "Rénovat iko?" Akiwapo, walikaa kivulini na kufungua chupa ya maziwa bila wasiwasi.

Mwenye kisu wake alikuwa Bilali. Mjini hapa mwenye kisu huwa Mwislamu, hata kama machinjio yamejaa Wakatoliki na Wapentekoste, ili nyama iweze kuingia katika kila nyumba. Bilali alikuwa mtu mfupi, mwenye maneno mengi na udhu wa kila mara. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na tisa, na wakifika mbele ya ng'ombe hawakuhitaji kuzungumza.

Ugonjwa ulianzia kwenye mkono wa kulia. Rénovat akikaa tu, kidole gumba kilisuguana na kidole cha shahada, taratibu, kama mtu anayehesabu shanga za rozari. Akikamata kitu, mkono ulitulia. Akikamata pembe, ulitulia kama mkono wa kijana. Basi akaamua kwamba kazi ndiyo dawa, na mapumziko ndiyo ugonjwa, na hakumwona mganga. Kisha uso ulianza kukauka. Alichekeshwa na mambo kama zamani, lakini kicheko hakikufika usoni. Sauti nayo ilishuka, ikawa ya mtu anayeongea na ukuta. Kagabo, mchunaji ngozi, mtu wa mdomo mkali aliyekuwa akiitamani nafasi ya pembe kwa miaka mingi, alimpachika jina: Sanamu.

Hayo yote angeyavumilia. Lililomvunja ni la chini.

Lilikuja bila kubisha hodi. Mtu mzima hupata habari ya mkojo mapema, akamaliza alichokuwa anafanya, akatafuta mahali. Rénovat alipata habari na mkojo siku moja, saa moja, dakika moja. Kutoka kwenye sakafu ya kuchinjia mpaka ukuta wa nyuma zilikuwa hatua kumi na tano, na miguu yake ilikuwa imeanza kugoma mwanzoni mwa kila safari, kana kwamba nyayo zimetiwa gundi. Akifika ukutani, vidole vilipambana na vifungo. Akishinda vifungo, suruali ilikuwa imekwisha kulowa. Aliutupa mkanda, akaanza kuvaa kaptula za mpira kiunoni. Usiku aliamka mara tano, mara sita, na mara nyingine godoro liliamka kabla yake.

Alijipima mwenyewe, akajikuta na sopisi, yaani kisonono, ule ugonjwa wa wanaume wa vichochoroni. Alikuwa hajaenda popote, lakini alifikiri labda zamani, labda kabla ya ndoa, labda uliwahi kulala ndani kama mbegu. Alinunua vidonge vyekundu na vyeusi sokoni, akavimeza kwa siri. Havikufanya kitu ila kumtafutia vita, maana mke wake Agnès alivikuta ndani ya kiatu.

Agnès aliosha na kuuza matumbo ya ng'ombe nyuma ya machinjio, na mikono yake ilikuwa na nguvu za kazi hiyo. Hakuuliza mara mbili. Sufuria ilimpata Rénovat kwenye bega la kovu.

"Ni mwanamuke gani? Sema jina lake! Minye nafua mashuka kila asubui, kumbe nafua uchafu ya mwanamuke mwingine!"

"Hakuna mwanamuke, mama."

"Na hii vidonge unalisha nani, viatu?"

Uso wake haukuonyesha hasira wala majuto, na hilo lilimchoma Agnès kuliko jibu lenyewe. Tangu siku hiyo walilala kama wapangaji. Rénovat alibuni dawa yake mwenyewe: kuacha maji. Kuanzia mchana hakunywa kitu. Midomo ilipasuka, mkojo ukawa mweusi kama chai iliyochacha, ukaanza kuunguza, na badala ya kupungua ukazidi kumkimbiza. Alikuwa anakausha shamba huku moto unawaka, lakini nani angemwambia? Hakumwambia mtu.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, siku ya posho kama wanavyoiita huku, Bilali alimngoja mlangoni pa machinjio. Wanaume wengine walikuwa wanaosha sakafu.

"Yaya Rénovat, kaka yangu, Mungu anisamehe. Minye naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Miguu yako. Leo ulisimama pale kama mutu amepigiliwa misumari. Mukono inacheza. Na unakauka, yaya, unakuwa muti. Tumuache Kagabo ashike wiki moja tu, weye upumzike."

Kagabo, kutoka kwenye ngozi aliyokuwa akiichuna, alipaza sauti: "Sanamu wanaiweka mbele ya kanisa, haiwekwe mbele ya ngombe!"

Wakacheka. Rénovat alijaribu kupaza sauti yake, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi ilitoka yote, kubwa kuliko alivyotaka.

"Nitashika mpaka nikufe! Na mutu atajaribu kuniondosha hapa, ataona!"

Wanaume kumi na mmoja waliisikia. Wanaume kumi na mmoja wangekuja kuirudia, neno kwa neno.

Jumatatu alfajiri waliletewa fahali. Alikuwa wa kahawia iliyoungua, mwenye pembe kama mikono ya mtu anayeomba mvua, na alikuwa ameshuka milima siku mbili pamoja na mwenye mali yake, Hagenimana, mzee mwenye kofia na fimbo ndefu. Fahali alinusa damu ya jana kwenye sakafu na kuanza kupiga chafya. Kwa ukubwa wake walimzunguka wenye kamba kadhaa, wakavuta, akaanguka kwa kishindo kilichotetemesha ndoo. Rénovat alipiga magoti, akakamata pembe. Mkono ukatulia. Aligeuza, taratibu, kwa uzito wa mgongo wake wote, mpaka ncha ikazama ardhini.

Bilali aliinama na kisu chake kirefu. "Bismillahi, Allahu Akbar."

Hapo ndipo mkojo ulipofika.

Haikuwa dalili. Ulikuwa mlango uliofunguliwa kwa teke. Kwa uzito wa kugeuza, Rénovat alikuwa ameegemea mbele, amepanua magoti juu ya kichwa cha fahali, kaptula yake juu ya koo lile lililokwisha kusomewa jina la Mungu, juu ya mkono wa Bilali, juu ya kisu. Na kitu kimoja kilimjia akilini kwa kasi kuliko kingine chochote. Miaka mingi iliyopita, mbwa aliingia machinjioni akalamba ndoo ya Bilali. Bilali alipiga kelele kama aliyefiwa, akaiosha ndoo ile mara saba, mara moja kwa udongo, na siku hiyo hakuzungumza na mtu. Rénovat aliyashika hayo kama mtu wa dini nyingine anavyoyashika mambo ya jirani: kwa heshima kubwa na ufahamu mdogo. Alijua tu kwamba uchafu mdogo ni msiba. Ikiwa mate ya mbwa kwenye ndoo tupu yalitaka kuoshwa mara saba, mkojo wa mtu juu ya koo na kisu je? Fahali mzima angekuwa mzoga. Hagenimana angerudi mlimani mikono mitupu. Bilali angetajwa msikitini.

Hakutaka kuachia. Alitaka kusogea nyuma kidogo, upana wa kiganja, ageuze goti. Mkono wa kushoto, wenye vidole vinne, ulilegea kwa muda wa pumzi moja. Kisu kilikuwa kimefika nusu ya koo.

Fahali alirusha kichwa. Pembe iliingia katika paja la Bilali upande wa ndani, ikapanda kuelekea kinena, ikamwinua, ikamtupa juu ya ndoo. Kamba mbili zilikatika. Mnyama alisimama, koo limefunguka, akipumua kupitia jeraha, akizunguka na kumwaga damu kwenye kuta na kwenye nyuso za watu. Alimkanyaga mwenye kamba mmoja. Aligonga mlango wa mabati mara mbili. Kagabo alimfuata na shoka, akampiga kati ya macho, akakosa, akampiga tena, na fahali akaanguka juu ya miguu yake mwenyewe. Bilali alikuwa analia jina la mama yake. Watu walimwaga maji, wakararua mashati, wakamfunga paja, wakambeba mlangoni kwenye pikipiki, amekamatwa katikati kama gunia.

Rénovat alikuwa bado amepiga magoti mahali palepale. Damu ya fahali, damu ya Bilali, maji ya ndoo na mkojo wake vilikuwa vimechanganyika juu ya kaptula yake, na hakuna macho yaliyoweza kuvitenganisha.

"Aliachia makusudi!" Kagabo alipiga kelele. "Mulisikia siku ya posho! Si alisema mutu ataona?"

"Angalieni sura yake! Haishtuke hata kidogo!"

Hilo ndilo lililommaliza. Uso wa Rénovat ulikuwa umetulia kama maji ya ziwa asubuhi. Ndani alikuwa anapiga mayowe, nje hakuna hata unyusi uliosogea. Walimtazama wakaona mtu aliyepanga.

Swedi, mdogo wake Bilali, mbeba nyama mwenye mgongo mpana, aliung'oa mpini wa jembe. Pigo la kwanza lilipasua juu ya jicho. La pili lilivunja kitu ubavuni. Kisha hayakuhesabika tena, maana miguu ya wengine iliingia. Rénovat hakunyanyua mikono, na si kwa ushujaa. Aliiamrisha, nayo ikachelewa.

Agnès alikuja kutoka nyuma na ndoo ya maji yanayochemka aliyokuwa anachovyea matumbo. Hakutoa onyo. Aliyamwaga chini, katikati ya miguu yao, na Kagabo akaruka akilia na ngozi ya mguu ikivimba. Wengine walirudi nyuma. Agnès alisimama juu ya mume wake na kisu cha matumbo.

"Mutu akuje. Mutu mumoja tu akuje."

Hakuna aliyekuja. Alimvuta kwa kola mpaka barabarani.

Siri ya maiti aijua mwosha. Nyumbani Agnès alimvua kaptula, akaitia ndani ya beseni, akaisugua, na chini ya harufu ya damu, ambayo aliijua kama anavyolijua jina lake, akakutana na ile nyingine, ya mashuka ya kila asubuhi. Aliketi na kaptula mikononi.

"Ulikojoa."

Rénovat alikuwa amelala ubavu, jicho moja limefumba.

"Uliachia sababu ya mkojo. Haikukuwa Kagabo, haikukuwa hasira. Ni mkojo!"

"Usiseme kwa mutu."

"Weye iko na kichaa? Watakuua!"

"Waniue. Afazali waniite muuaji kuliko waniite mutoto."

Kwao wazee walisema heri lawama kuliko fedheha, na Rénovat aliishika methali hiyo kama alivyokuwa akishika pembe. Muuaji huogopwa, na mjini kuna wauaji wanaosalimiwa kwa heshima. Lakini mwanaume anayejikojolea mbele ya wenzake atasalimiwa na nani?

Saa kumi jioni Swedi alikuja na vijana sita wenye mapanga. Hakuingia. Aliupiga mlango mapigo manne, mbao zikaruka ndani mpaka kitandani.

"Yaya yangu ametoka damu, wamemutia damu ya watu watatu! Weye Rénovat, sikia vizuri. Ijumaa, kisha ya sala, nitarudia hapa. Kama amekufa Ijumaa haijafika, nitarudia siku ile ile!"

"Swedi, ingia tuongee," Agnès aliita.

"Na weye, mama wa maji moto, utatoka inje na vyombo vyako. Nyumba itaungua."

Jumanne Agnès alimwita Délice, binti wa mdogo wake, aliyekuwa muuguzi katika kituo cha afya cha kata yao. Alikuja na sindano na uzi, akamketisha Rénovat mlangoni kwenye mwanga. Alipokuwa akishona juu ya jicho, mkono wa kulia wa mzee ulikuwa umelala kwenye paja, ukihesabu shanga zake. Délice aliutazama muda mrefu kuliko alivyotazama jeraha. Alimwambia afungue na kufunga vidole. Alimwambia atembee mpaka kwenye jiko na kurudi. Kisha akaketi tena na kushika sindano.

"Baba mukubwa, nakuuliza kitu, na usikasirike. Mkojo inakukimbiza?"

Agnès, kutoka jikoni, aliacha kupuliza moto.

"Inakuja gafula, unashindwa kufika? Na usiku unaamuka mara mingi?"

"Nani amekuambia?"

"Mukono wako. Hakuna mutu mwingine."

Alieleza huku anashona, bila kushusha sauti, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Kuna ugonjwa wa ubongo unaoitwa Parkinson. Mikono inatetemeka ikiwa imepumzika, mwili unakuwa mgumu, hatua zinakuwa fupi, uso unakosa kucheka, sauti inashuka. Na kibofu nacho kinaamriwa na ubongo uleule. Ubongo unapochoka, kibofu kinajikaza wakati hakijajaa, hakingoji ruhusa. Miguu na vidole navyo vimekuwa vizito, basi mtu hafiki.

"Ni ugonjwa mumoja, si mbili. Na weye hauna sopisi."

Agnès alikuja akasimama, kijiti chenye moto mkononi.

"Hana sopisi?"

"Mama mukubwa, sopisi haitetemeshe mukono."

Agnès alirudi jikoni. Walisikia kifuniko cha sufuria kikianguka, na hakuna aliyekiokota.

"Dawa iko?" Rénovat aliuliza.

"Ya kumaliza, hapana. Ya kusaidia, iko. Tutapima mkojo, pengine kuna na vidudu ndani, na dokta atapima prostate, ile tezi ya kiume, sababu weye ni mwanaume wa miaka yako. Vidonge vya mukono tutatafuta Bukavu. Lakini maji, baba, unywe! Unajikausha, mkojo unakuwa mukali, unakukimbiza zaidi. Unywe muchana, upunguze magaribi. Na usingoje ikuite. Kila saa mbili unaenda, unataka hautaki." Alikata uzi kwa meno. "Na ngombe, basi. Hii ugonjwa na pembe, hapana."

Rénovat alifikiri angejisikia mdogo. Badala yake alijisikia kama mtu aliyepigwa gizani kwa miaka mitatu na sasa ameonyeshwa aliyempiga. Alikunywa maji siku hiyo mpaka tumbo likajaa, akajikojolea mara mbili, akanywa tena.

Alhamisi alfajiri alimwambia Agnès, "Naenda kwa Bilali."

"Swedi iko pale mulangoni."

"Najua."

Swedi alikuwepo, ameketi kwenye ngazi ya hospitali na kikombe cha chai. Alipomwona Rénovat akija kwa hatua zake fupi, na Agnès nyuma yake, alikiweka kikombe chini kwa uangalifu wa ajabu, akainuka, akampiga ngumi ya mdomo. Rénovat alianguka chali. Swedi akampandia kifuani, akamkaba.

"Umekuja kumaliza kazi?"

"Muache aseme!" Agnès alimvuta masikio. "Muache aseme, mbwa weye!"

Kutoka dirishani, sauti dhaifu lakini iliyozoea kutoa amri ilisema: "Swedi. Mulete ndani."

Bilali alikuwa amekonda kwa siku tatu kama watu wanavyokonda kwa mwaka. Paja lilikuwa limefungwa mpaka kiunoni. Hakumsalimu.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Nilikuwa nafunga macho mbele yako. Sasa niambie ni nini nilikufanyia."

Rénovat alisema. Sauti haikutoka. Bilali aliinamisha sikio.

"Nini?"

"Mkojo. Ilikuja. Niko na ugonjwa, inashika mukono na kibofu. Ulikuwa umekwisha kusema Bismillahi. Nilikuwa juu ya koo, juu ya kisu. Niliogopa nyama yote itakuwa haramu. Nilitaka nisogee kidogo tu."

Bilali alimtazama. Wote walifikiri atalia, lakini iliyomtoka ni hasira.

"Mkojo," alisema. "Mkojo! Mkojo wanaosha na maji, weye mupumbavu! Maji! Unamwaga, unasugua, imekwisha! Mbwa njo mara saba. Mutu ni maji tu!" Alikuwa anapiga kitanda kwa ngumi, kila pigo likimuumiza. "Ungenikojolea ku kichwa! Ungenikojolea mu kinywa, ningetema, ningekata, tungeenda kula! Miaka kumi na tisa, na haukuniuliza hata siku moja?"

"Nilikuwa naogopa kukukosea dini."

"Ukanikosea mguu!"

Alichukua kikombe cha bati kando yake akamtupia. Kilimpata kwenye nyuzi za Délice, na damu ikashuka upya. Hakuna aliyesogea. Bilali alihema mpaka alipoweza kusema.

"Namuamini," alimwambia Swedi. "Uwongo hauna aibu ya namna hii."

"Minye simuamini."

"Basi, sababu yako na ya wale kumi na moja, atasema tena." Alimgeukia Rénovat. "Wanasema Wakristo wa machinjio walipanga kuniua. Vijana wa mutaa wetu wananoa mapanga. Hii maneno haiishe mu chumba hii. Kesho asubui, mbele ya kisu, utasema vile umeniambia. Mbele ya wote."

"Bilali..."

"Mbele ya wote. Ao Swedi afanye yake."

Ijumaa, kabla ya ng'ombe wa kwanza, walikuwa pale wote. Wachunaji, wenye kamba, wabeba nyama, Kagabo na mguu uliofungwa kitambaa. Upande mmoja walisimama vijana wa mtaa wa Bilali, na mapanga hawakuyaficha. Swedi alishika mpini uleule wa jembe. Agnès alisimama kwenye mlango wa nyuma, upande wa matumbo.

Rénovat alisimama katikati ya sakafu na kusema. Midomo ilicheza, hakuna aliyesikia.

"Sema kwa nguvu!"

Alirudia. Wa mbele walisikia neno moja, wakatazamana. Wa nyuma wakaanza kupiga mabati.

"Kwa nguvu, muuaji!"

Kwa hiyo aibu ambayo mtu mwingine angeitema mara moja, yeye ugonjwa ulimlazimisha aiseme mara tatu. Alijaza kifua, mbavu zilizovunjika zikamchoma, akapaza.

"Nilikojoa! Minye Rénovat, nilikojoa mu kaptula! Miaka tatu niko najikojolea! Ni ugonjwa ya ubongo. Siku ile ilikuja, niliogopa kuchafua kisu ya Bilali, njo nikaachia!"

Ziwa lilisikika, mbali, likipiga mawe. Kisha Kagabo alicheka.

"Sanamu inavuja!"

Mpini wa Swedi ulimpiga Kagabo mbavuni hata kabla hajafunga mdomo, akakunjika juu ya ndoo. Swedi hakumtazama. Alitembea mpaka mbele ya Rénovat, akahamisha mpini mkono wa kushoto, na kwa kiganja cha kulia akampiga kofi moja lililogeuza kichwa chote.

"Hii ni ya mguu," alisema. "Imekwisha."

Vijana waliokuwa na mapanga walingoja kuona kama imekwisha kweli. Swedi alitupa mpini chini. Mmoja wao akalifunga panga lake ndani ya gunia, kisha wa pili.

Rénovat alikuwa amekwisha kugeuka. Alikuwa anauelekea ukuta wa nyuma, mkono umeshika mpira wa kaptula, nyayo zikikataa kuachana na sakafu.

"Unaenda wapi? Hatujamaliza kuongea," Swedi alisema.

"Naenda kukojoa."

"Basi kimbia, muzee!"

"Siwezi kukimbia."

Swedi alitazama ule mwendo, hatua ndogo, ndogo, ndogo. Akamfuata, akamshika chini ya kwapa, kwa ukali, kama mtu anayevuta mzigo, akamburuta zile hatua zilizobaki. Hawakufika. Miguu ya wote wawili ililowa.

"Maji!" Swedi alipaza sauti kwa wenye ndoo. "Mulete maji!"